Aliponiuliza kuhusu jokofu la chanjo

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye usaili wa kazi ya ghala la dawa hapa Dar. Jopo la watu watatu, maswali kwenye karatasi, wote wanaandika bila kuinua macho. Elimu, uzoefu, udhaifu wako ni upi.

Katika kueleza uzoefu wangu, nikafika kwenye habari za kituo cha afya nilikojitolea Kigoma. Nikasema kila asubuhi na jioni nilikuwa nasoma kipimajoto cha jokofu la chanjo na kuandika, lisitoke kati ya nyuzi 2 na 8. Mama aliyekaa pembeni akaweka kalamu chini.

"Umeme ukikatika mlifanyaje?"

Nikamweleza: mlango haufunguliwi hovyo, umeme ukichelewa kurudi chanjo zinahamia kwenye kasha la baridi, na barafu tunaiacha ianze kuyeyuka kwanza ili chanjo zisigande, maana kuna zinazoharibika zikiganda. Akatabasamu. Kumbe naye alianzia zahanati ya kijijini, kasha analifunga nyuma ya baiskeli.

Nami nikamuuliza nilichotaka kujua kweli: "Hapa ghalani, mama, kinachowasumbua zaidi ni nini?" Akanijibu kwa kirefu habari za dawa zinazokaribia kuisha muda. Wenzake nao wakachangia.

Ndugu zangu mnaotafuta ajira, acheni kukariri majibu ya mtandaoni. Semeni kazi mliyoifanya kwa mikono yenu, na muulizeni aliye mbele yenu kuhusu kazi yake.

Majibu bado hayajatoka. Yule mama natamani sana awe bosi wangu.