Pikipiki isiyo na siti, mawe ya Malimbe na jicho la mama wa dagaa

Tangu niweke ile picha ya pikipiki yangu kwenye kundi la ukoo, maswali hayakatiki. Shangazi wa Magu aliuliza kama siti imeibwa. Binamu zangu wa hapa Bugarika, ambao ni bodaboda, walikuwa na swali la kikazi zaidi: abiria anakaa wapi?

Hakai popote. Hata dereva hana pa kukaa. Pikipiki ya traiali huendeshwa kwa kusimama mwanzo mpaka mwisho. Tangi lake linabeba lita mbili tatu za petroli, uzito wake ni kilo 70 hivi, na gia namba moja ni ya mwendo wa mtu anayetembea. Kazi yake ni kupita juu ya mawe, mizizi na vijito, sehemu ambazo mtu mwenye akili timamu angeshuka akasukuma. Niko Mwanza kwa likizo, nimechoka kueleza haya kwa ujumbe wa sauti, kwa hiyo naandika mara moja kila mmoja asome.

Mchezo wenyewe, unaoitwa traiali, uko hivi. Mnatengewa kipande cha njia, kimewekewa utepe na vibao vya kuonyesha pa kuingilia na pa kutokea. Mnaingia mmoja mmoja. Ukipita bila kugusa chini kwa mguu, umepata sifuri, na sifuri ndiyo inayotafutwa. Ukigusa mara moja, pointi 1. Mara mbili, 2. Mara tatu na kuendelea ni 3 tu, hata ugusuguse mara kumi. Ndiyo maana utamwona mtu aliyekwisha kugusa mara tatu anapiga kasia kwa miguu yote miwili bila aibu, mradi atoke. Ukianguka, ukizimikiwa au ukitoka nje ya utepe, ni 5. Katika mashindano mengi ya klabu za Uingereza hata pikipiki kusimama tu ni 5. Mwisho wa siku mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mbio hakuna, na mtu wa kumpita hakuna.

Wengine mtasema huo ni mchezo wa wazee. Wazee wamo, tena wengi, na wananifundisha adabu kila Jumapili.

Mimi nimeangukia mahali pake. Ninaishi Bradford, natengeneza mabasi, na nyuma ya mji tu kuna vilima vya Yorkshire ambavyo kwa mchezo huu ni kama kwao. Karibu na Richmond, kaskazini zaidi, kuna Scott Trial, traiali iliyoanza mwaka 1914 pale Alfred Scott, mtengenezaji wa pikipiki, alipowapa changamoto wafanyakazi wa kiwanda chake. Hiyo ni ya kikatili kidogo kwa sababu na muda unahesabiwa, kwa hiyo kila dakika unayochelewa nyuma ya aliye mbele kuliko wote inakuongezea pointi. Huko Uskochi kuna Scottish Six Days Trial, yenye makao Fort William chini ya mlima Ben Nevis: siku sita, vipande 30 kila siku, na kati ya kipande na kipande unakatiza milima na matope. Mji mdogo wa Silsden, jirani na kwetu, ndiko walikotoka akina Lampkin. Martin Lampkin alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia mwaka 1975. Mwanawe Dougie akachukua ubingwa wa dunia wa nje miaka saba mfululizo, 1997 hadi 2003, na wa ndani ya kumbi mara tano. Binamu zangu hayo hayakuwasisimua sana. Nilipowaambia kwamba mwaka 2016 huyo Dougie aliizunguka njia yote ya mashindano ya pikipiki ya kisiwa cha Isle of Man kwa tairi la nyuma peke yake, kama kilomita 60, yaani karibu uondoke Mwanza mjini mpaka Magu umeinua la mbele, hapo kijiwe kizima kilinyamaza. Abiria aliyekuwa anasubiri naye akasahau safari yake.

Kuanza kwenyewe sasa. Kwa mtu aliyeko Uingereza, jambo la kwanza ni klabu, pikipiki inafuata baadaye. Kule ardhi yote ina mwenyewe. Njia ya waenda kwa miguu ukiipanda na pikipiki ni kosa, na polisi wanaweza kukunyang'anya chombo. Klabu ndiyo inayokwenda kwa mkulima kuomba shamba, ndiyo inayoandaa bima na vibali kupitia Auto-Cycle Union, chama kilichopo tangu 1903. Mimi nilipelekwa na mzee mmoja wa gereji yetu aliyekuwa karibu kustaafu. Nilidhani ananipeleka kuendesha. Alinipa koti la mvua, kadi na kalamu, akanionyesha jiwe la kusimama pembeni yake, akaniambia nihesabu miguu.

Kumbe hiyo ndiyo njia ya mkato kuliko zote. Klabu haina fedha za kumlipa mtu asimame kwenye baridi kutwa nzima, inategemea wanaojitolea, na hao hawatoshi kamwe. Ukijitokeza kuwa mwangalizi, jioni ile ile wanakujua kwa jina. Kwangu hilo lilikuwa na uzito wake. Katika shamba zima mwenye uso mweusi nilikuwa mimi, nikasema afadhali kondoo wa Swaledale nao wana nyuso nyeusi, angalau hatuko wachache sana. Wazee walicheka mpaka chai ikamwagika, na tangu hapo sijawahi kukosa kikombe.

Tena unajifunza bila kugharimika. Watu kadhaa wanapita mbele yako, njia ile ile, mzunguko baada ya mzunguko, na kazi yako ni kutazama miguu yao tu. Baada ya muda unaona kwamba jiwe lenyewe, lile kubwa la kutisha, halichukui pointi nyingi. Pointi zinachukuliwa kwenye kona iliyo kabla ya jiwe. Mtu anaikata kona vibaya, anafika kwenye jiwe akiwa upande, anatoa mguu. Anayejua anakwenda kwanza kwa miguu, anatembea kipande chote, anachuchumaa, anatazama jiwe kutoka kimo cha tairi, ndipo anarudi kuwasha. Asiyejua anawasha kwanza.

Pikipiki niliinunua ya mkononi. Gas Gas, Beta, Montesa, Sherco, zote zinapatikana, na kwa pauni 1,500 hadi 2,500 unapata iliyotumika ambayo bado ina uhai. Wauzaji watakusukumia ya injini ya cc 300. Kwa anayeanza, achana nayo. Ile inakutupa kabla hujafikiri. Ya 125, au ya 250 yenye injini ya taratibu, inatosha kabisa. Nunua kofia ngumu, glovu, na viatu virefu vya kulinda kifundo, maana hatari ya mchezo huu mara nyingi ni kifundo na vidole. Mkononi unavaa kikamba chenye sumaku. Ukianguka kinachomoka, injini inazima.

Upepo wa tairi ndio uliowashangaza mafundi wa hapa. La nyuma linawekwa psi 4 au 5, la mbele kama 6. Kwa bodaboda hiyo ni pancha. Lakini tairi la traiali ni laini ubavuni, linalala juu ya jiwe na kulishika, na la nyuma kwa kawaida halina tyubu. Ukijaribu hivyo kwenye Boxer ya bodaboda tyubu itabanwa na ringi itoboke, au tairi lizunguke ling'oe vali. Kwa hiyo tafadhali, msipunguze upepo eti kaka wa Ulaya kasema.

Halafu miduara. Hakuna mtu anayetaka kusikia hili, na ndilo kubwa. Unatafuta uwanja wa nyasi, unaweka mawe mawili, unazunguka umbo la nane, umesimama, gia ya kwanza, usukani umekunjwa mpaka mwisho wake. Kidole kimoja kwenye klachi, kimoja kwenye breki ya mbele, vingine vinashika usukani. Pikipiki inalalia ndani ya kona, mwili wako unakaa nje, na uzito wote unaukanyagia mguu wa nje. Magoti yamelegea. Macho yanatangulia, ukilitazama jiwe lililo mbele ya tairi utaligonga hilo hilo. Mwendo unaupata kwa klachi zaidi kuliko resi: unaachia kidogo, unashika, unaachia. Mwanzoni mapaja yanawaka na unaona upuuzi mtupu, mtu mzima kuzunguka mawe mawili kwenye nyasi huku mbwa wa jirani anakushangaa. Siku usukani unapofika mwisho na miguu yako bado iko juu ya vikanyagio bila wewe kufikiria, umeanza.

Nilipoyaeleza haya pale kijiweni, binamu yangu mkubwa alicheka. Yeye anapandisha Boxer kila siku mpaka nyumba za juu kabisa Bugarika, kwenye vinjia vya mawe, na mama mwenye gunia la mkaa nyuma. Ana haki ya kucheka. Wale wazee wa Yorkshire wangelipa wamwone. Basi tukakubaliana Jumapili twende Malimbe, upande wa ziwa, chini ya chuo cha SAUT, ambako mawe yameshuka mpaka majini.

Kabla ya yote tulipita kwa mwenyekiti wa mtaa, maana mawe ya Mwanza nayo yana wenyewe. Juu yake kuna nguo zinakauka, watoto wanateleza, na jiwe pana kuliko yote lilikuwa limetandazwa dagaa. Mama mwenye dagaa hakutaka kusikia habari ya mchezo. Tulimwamkia, tukamweleza, tukamhakikishia kwamba utepe utapita mbali. Akasema sawa, lakini yeye haondoki pale mpaka dagaa wakauke, na pikipiki itakayovuka kamba atajua yeye la kufanya.

Tuling'oa vioo vya pembeni, tukalegeza kidogo boliti za mikono ya klachi na breki ili chombo kikianguka mkono uzunguke badala ya kuvunjika. Hilo ni la muhimu kuliko mnavyodhani. Pikipiki ina bosi, na hesabu ya jioni haina habari na michezo. Nikachagua njia ya chini tu: kona moja kali kati ya mawe mawili, kajiwe ka kimo cha goti la mtoto, kisha kona nyingine kuelekea mchangani. Granaiti ya kwetu ikiwa kavu inashika tairi vizuri ajabu. Kule Yorkshire jiwe lina ukoga na maji mwaka mzima, unapanda kwa dua.

Wakalalamika kwamba Boxer ni nzito, zaidi ya kilo 100, na usukani wake uko chini ukisimama. Nikawaambia Sammy Miller wa Ireland Kaskazini alishinda ile ya siku sita ya Uskochi akiwa na pikipiki ya Ariel ya cc 500 kabla ya pikipiki nyepesi za Wahispania kuuteka mchezo. Wakaacha kulalamika, wakaanza kubishana nani atangulie.

Kajiwe walikapita wote kana kwamba hakapo. Kwenye kona ya kwanza, kila mmoja alitoa mguu. Ni mazoea ya kazi: bodaboda akipunguza mwendo, miguu inashuka yenyewe kabla hata hajaamua. Na hapo ndipo tulipomgundua mwangalizi wetu. Mama wa dagaa alikuwa amesimama mita chache kutoka konani, akilinda mali yake, na hakuna mguu uliompita. "Mguu huo! Na huu! Tatu, toka!" Mimi nilikuwa na kadi na kalamu, lakini baada ya raundi ya pili nikawa naandika anachosema yeye. Hakujali nani ni ndugu yangu, wala nani amemwamkia kwa unyenyekevu. Kijana mmoja alidai mguu wake ulielea tu, haukugusa. Mama akaenda mpaka kwenye mchanga, akamwonyesha alama ya ndala.

Ndala, ndiyo. Nilikuwa nimesema viatu vya kufunika, wakasikia wanachotaka. Raundi ya tatu hakuingia mtu mwenye ndala.

Kuelekea alasiri walikuwa wameacha kushindana na kuanza kutembea. Wanaacha pikipiki, wanaingia kwenye kipande kwa miguu, wanachuchumaa konani, wanapimana kwa mikono tairi lipite wapi. Hilo sikuwafundisha siku ile. Binamu mkubwa alikuwa wa kwanza kupata sifuri, tena kwa kuzunguka kona taratibu sana mpaka nilidhani injini inazima.

Kesi iliyobaki ni ya mdogo wake. Alipita kona bila kushusha mguu, ila goti lake liliegemea jiwe la kushoto, na mama akampa 1. Amekata rufaa kwangu, na kila jioni ananiletea shahidi mpya. Nimemwambia kanuni ziko upande wa mama: kuegemea jiwe kwa goti, bega au kiwiko ni sawa na kugusa chini. Hajaridhika. Anasema Jumapili ijayo atavaa suruali nyembamba.