Bili ya euro 85 na barafu ya mwaka 1940

Juma lililopita nilipokea bili ya euro 85 kutoka kwa wasimamizi wa jengo ninamoishi hapa Helsinki, Finland, kwa kosa la kuweka masanduku matatu ya vitabu na baiskeli bovu katika chumba cha chini ambacho kwa miaka minne nilikiona kuwa stoo. Kumbe ni hifadhi ya kujikinga na mabomu, na kanuni za nchi hii zinataka iweze kuwa tayari kupokea watu ndani ya saa 72. Ndugu zangu wa Kigoma mnajua fedha hiyo inalipia chumba cha Mwanga kwa miezi mingapi. Nilikasirika, na nilimweleza jirani yangu, bibi aliyevuka miaka 90, kwamba watu wa hapa wanaogopa vita ambavyo havipo.

Hakunijibu papo hapo, bali alinikaribisha kahawa. Alikuwa mtoto mdogo mjini Viipuri, mashariki mwa Finland ya wakati huo, tarehe 30 Novemba 1939, siku ambayo ndege za Muungano wa Kisovieti zilishambulia mji wake na Helsinki pia. Vita Kuu ya Pili ilikuwa na miezi mitatu tu, na Ujerumani ilikuwa imekwisha kukubaliana na Moscow, katika mkataba wa Agosti, kwamba Finland ingeachwa mikononi mwa Wasovieti.

Hapo ndipo kuna jambo linaloniuma kila ninapovuka kwa kivuko kwenda kisiwa cha Suomenlinna, ilikohifadhiwa nyambizi Vesikko. Sisi tuliokua tukiitazama meli kongwe ya Liemba katika Ziwa Tanganyika tunajua jinsi chombo kimoja kinavyoweza kubeba historia ya mataifa kadhaa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani ilikatazwa kuwa na nyambizi, kwa hiyo wahandisi wake walijificha nyuma ya kampuni iliyokuwa Uholanzi, na Vesikko, iliyoshushwa majini mjini Turku, hapahapa Finland, mwaka 1933, ikawa kielelezo cha nyambizi ndogo ambazo Wajerumani walijiundia baadaye; nao ndio walioiacha Finland mikononi mwa Wasovieti. Ukiingia ndani yake, mita 41 tu za chuma, unaona vitanda vilivyobanana karibu na mirija ya topido, na unawahurumia vijana waliolala humo.

Nyambizi za Wasovieti nazo ziliwinda meli katika Ghuba ya Bothnia, njia ya Finland ya kupata mahitaji kutoka Sweden. Tarehe 13 Januari 1940 meli ya Kifini Aura II, iliyokuwa ikilinda msafara, iliikabili nyambizi mojawapo, lakini bomu lake lenyewe la kulipulia nyambizi lilipasuka likaizamisha. Muda mfupi baadaye bahari iliganda, na barafu ikazifukuza nyambizi ambazo bunduki hazikuzifukuza.

Nchi kavu baridi hiyohiyo ilipigana upande wa Wafini. Kwenye barabara ya Raate, mwanzoni mwa Januari, divisheni ya 44 ya Wasovieti ilinyoosha safu ndefu katikati ya msitu, na Wafini waliovaa mavazi meupe na kuteleza kwa ski waliikatakata vipande, wakilenga hasa majiko ya jeshi, kwa sababu askari asiyepata chakula cha moto katika baridi kali iliyopita nyuzi 30 chini ya sifuri haishi siku nyingi. Wengi wa waliokufa pale walitoka Ukraine, nami siwezi kuwasimulia bila huzuni.

Lakini Machi barafu iliwageuka Wafini. Ilikuwa nene kiasi cha kubeba vifaru, na Wasovieti wakavuka Ghuba ya Viipuri juu ya bahari yenyewe. Tarehe 13 Machi mapigano yalikoma, Finland ikawaachia Wasovieti eneo la Karelia lenye mji wa Viipuri, na watu zaidi ya 400,000 wakahama, bibi huyu akiwa miongoni mwao. Hawakuwekwa kambini miaka na miaka. Bunge lilipitisha sheria ya kuwagawia ardhi mwaka uleule, katika nchi iliyokuwa maskini na ya watu wasiofika milioni nne. Ninyi mnaoijua kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hamhitaji nieleze zaidi.

Anayetaka kuja huku asinunue koti la bei kubwa Kariakoo. Anunue soksi za sufu akifika, na asome kila tangazo lililobandikwa ngazini, hata kama atahitaji kamusi. Mimi nimelipa bili, na masanduku yapo chumbani kwangu. Nilipokuwa nikiaga, bibi alinionyesha picha ya baba yake akiwa amesimama juu ya ghuba iliyoganda. Hapo hapo, majira ya baridi kabla ya vita, ndipo alipomfundisha kuteleza kwenye barafu.