Siku ya kupandisha mihimili ya daraja la kona

Saa kumi alfajiri mpimaji yuko kazini, jua halijatoka. Leo tunapandisha mihimili miwili ya chuma, iliyopinda kufuata kona ya barabara. Chuma cha mita 30 hurefuka milimita 7 hivi joto likipanda nyuzi 20, na jua likipiga upande mmoja tu, mhimili hujikunja wenyewe. Vipimo vya alfajiri ndivyo tunavyovitegemea. Vya mchana tunaviandika tu.

Saa kumi na moja na nusu, kikao kifupi: upepo, redio, nani peke yake anampa ishara opereta wa kreni.

Saa kumi na mbili tunafunga mzigo, na hapa ndipo daraja la kona linapoachana na lililonyooka. Mhimili wa leo una mita 30 na tani 20, na nusu kipenyo cha kona ni mita 150. Vuta uzi kutoka ncha moja hadi nyingine: katikati, uzi na chuma vimeachana sentimita 75. Kitovu cha uzito kiko sentimita 50 kutoka kwenye uzi, yaani kiko hewani, si ndani ya chuma. Ukishika pasipofaa, mhimili unajigeuza ukiwa juu. Kwa hiyo klampu mbili, vibano vya kunyanyulia, zinakaa takribani mita 6.3 kutoka kila ncha, sehemu ya tano ya urefu na ziada kidogo, kwa kuwa mstari unaoziunganisha hupita juu ya kitovu hicho. Tunainua sentimita 20, tunatulia, tunapima wima. Ukilala upande, unashushwa na klampu zinasogezwa. Hatupandishi kwa matumaini.

Saa mbili mhimili wa ndani umekaa kwenye beringi, vikalio vinavyoupokea kwenye ncha zake. Kreni haiuachii. Wapita njia huona mtambo mkubwa umesimama, watu wametazama juu, wakadhani tunalipwa kwa kukaa. Mhimili mmoja uliopinda, ukiuachia, uzito wake wenyewe unausokota: katikati unashuka na flanji ya juu, yaani bamba la ukingo wake wa juu, inalala kuelekea nje ya kona. Ile kreni iliyosimama ndiyo inayofanya kazi kuliko sisi sote. Tarehe 15 Mei 2004, karibu na Golden, Colorado, Marekani, mhimili uliofungwa kwa viegemeo vya muda ulianguka juu ya barabara kuu ya I-70 na kuua watu watatu waliokuwa ndani ya gari. Akija mtu kuuliza kwa nini kreni ya pili imekodiwa, jibu ni hilo.

Saa nne kreni ya pili inaleta mhimili wa nje, umbali wa mita 3 kutoka wa kwanza. Sasa fremu za kuunganisha, zile za chuma zinazofungwa kati ya mhimili mmoja na mwingine. Kwenye daraja lililonyooka nyingi hufanya kazi ya kuzuia mihimili isiyumbe. Kwenye kona zinabeba mzigo wa kudumu, kwa hiyo kila boliti yake ina hesabu.

Fremu ya katikati inagoma. Matundu ya chini yameingia, ya juu yamepishana milimita 14. Na hapa ndipo asubuhi inapogeuka mchana, mchana ukageuka jioni. Lazima atatokea mtu wa kusema lete tochi ya gesi, tupanue matundu, barabara inatakiwa kufunguliwa. Kelele hizo zinachosha kuliko jua. Fremu haina kosa. Mhimili una kina cha mita 2. Milimita 14 juu yake ni mwinamo usiofika nusu digrii. Ukipanua tundu, umeufungia mwinamo huo humo daima: fremu inayofuata itapishana zaidi, kimo cha zege la juu kitakosea, na boliti kwenye tundu kubwa hushika vibaya.

Tunarudi kwenye michoro kuuliza swali moja: fremu hizi zilikatwa zikae sawa mihimili ikiwa katika hali gani? Ikiwa kabla haijashuka kwa uzito wake, au baada ya chuma chote kubeba uzito wake? Leo ni ya kwanza. Basi mihimili haina budi kushikiliwa kana kwamba haina uzito. Kreni ya kwanza inaongeza mvuto kidogo kidogo, opereta akisoma tani kwenye skrini yake, mpimaji akitaja milimita: kumi na nne, kumi na moja, saba. Cheni bloku, winchi ya mnyororo, inaivuta flanji ya juu irudi ndani. Nne. Mbili. Pini, kijiti cha chuma cha kulinganisha matundu, inaingia kwa nyundo ndogo, na hiyo ndiyo dalili kwamba umbo ni sahihi. Ikihitaji nyundo kubwa, simama, kuna kitu hakijapimwa.

Tunajaza nusu ya matundu kwanza, pini nusu na boliti nusu, ndipo zifuate zilizobaki. Kukaza: mabamba yashikane, weka alama, kisha theluthi ya mzunguko kwa boliti ambayo urefu wake hauzidi mara nne ya kipenyo chake, nusu mzunguko ikiwa ndefu zaidi, hadi mara nane. Shingo inauma, mikono inatetemeka, na alama ya kila nati inakaguliwa hata hivyo.

Giza limeshaingia tunapoanza kuachia kreni, kwa hatua, tukisubiri kila hatua. Jozi ina tani 40, lakini haigawanyiki sawa: beringi za nje zinabeba karibu tani 27, za ndani 13 tu. Kona ikiwa kali zaidi, au mihimili ikikaribiana, za ndani zinaweza kuinuka kabisa. Ndiyo maana fundi mmoja anapiga magoti pale na kipande chembamba cha chuma, akijaribu kukipenyeza chini ya mhimili. Hakipiti. Ndoano zinafunguliwa, beringi za ndani zinafungwa kwa kamba za chuma, na zamu ya usiku inapokea orodha ya boliti zilizobaki.