Siku moja maishani mwangu: daktari mtarajali na swali la mzee wa kitanda namba 9

Saa 11 alfajiri

Kabla sijashuka kitandani nimeshaulizwa swali la kwanza. Binamu yangu ameandika saa 7 usiku: mtoto anaharisha tangu jana, ampe dawa gani ya kufunga tumbo?

Namjibu nikiwa bado na shuka. Dawa ya kufunga tumbo usimpe kabisa. Chukua pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ichanganye na maji safi kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, mpe kijiko kimoja kimoja. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha anza tena polepole. Ziwa aendelee kunyonya. Ulizia na vidonge vya zinki, anavitumia siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Halafu naongeza: ukiona amelegea, macho yameingia ndani, analia bila machozi, hakojoi, au kuna damu kwenye choo, usiniandikie mimi, mkimbize hospitali.

Maswali haya watu huyaita madogo, na mara nyingi anayeuliza huanza kwa kuomba radhi. Sijawahi kuelewa kwa nini. Kuharisha kunaua mtoto kwa kumkausha maji, na kijiko kikishikwa vizuri kinamwokoa.

Saa 12 na robo asubuhi

Wodi yetu ina wagonjwa 22 leo. Kazi ya mtarajali, daktari aliye bado kwenye mafunzo ya vitendo, ni kuwajua wote kabla ya raundi: nani alikuwa na homa usiku, nani hakulala, mkojo wa nani umepungua, majibu ya nani yametoka. Na damu za asubuhi ni zangu.

Kitanda namba 9 kuna mzee aliyeingia juzi akiwa amevimba miguu, hawezi kulala bila kuegemea mito mitatu. Ana presha ya miaka mingi, na sasa moyo wake umechoka kusukuma damu. Yuko kwenye dawa ya kukojoza maji na dawa ya presha ambayo pia hupunguzia moyo mzigo. Siku ya pili kama leo natarajia miguu iwe imeanza kunywea. Nabonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, nahesabu hadi kumi, naachia. Shimo linabaki pale pale kama alama ya kidole kwenye udongo mbichi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilitaka kukuuliza. Zile dawa zangu za magoti, niendelee nazo?"

Nimeshafunga mpira mkononi mwake, sindano iko tayari, na bado nina wagonjwa kumi na mmoja wa kutoa damu. Saa inakimbia.

"Nitarudi, mzee wangu. Tutaongea."

Anatikisa kichwa. Damu inaingia kwenye chupa, nabandika jina, nasogea kitanda namba 10.

Saa 2 asubuhi

Raundi. Daktari bingwa anauliza, mimi nasoma, wauguzi wanaandika. Dakika chache kila kitanda. Kwa mzee wa namba 9 tunakubaliana kuongeza dawa ya kukojoza, na figo zake ziangaliwe majibu yakitoka. Suala la magoti silitaji. Sikulificha, lilikuwa limeshanitoka kichwani.

Saa 5 asubuhi

Kati ya wodi na maabara kuna ukumbi mrefu, na katika ukumbi huo ndiko ninakofanyia nusu ya kazi isiyoandikwa popote. Leo ni dada anayefanya usafi. Amepimwa presha jana mahali fulani wakati wa harakaharaka, wakamwambia 150 kwa 95, hajalala. Je, ndiyo ameshaanza dawa za maisha?

Namwambia kipimo kimoja hakimpi mtu ugonjwa. Ulipimwa ukiwa umetoka kupanda ngazi? Ndiyo. Ulikuwa unaongea? Ndiyo. Basi tupime upya: akae dakika tano akiwa ametulia, mgongo umeegemea kiti, miguu chini bila kukunja nne, kibofu kitupu, mkono umewekwa usawa wa moyo. Tunapata 138 kwa 86. Hiyo nayo si ya kupuuza. Arudie siku nyingine, na nyingine, tuone mwenendo. Zikiendelea kufika 140 kwa 90 au zaidi, hapo tutazungumza dawa. Lakini ingekuwa 180 kwa 120 huku kifua kinabana, macho hayaoni vizuri au upande mmoja umekufa ganzi, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Anauliza la pili, ambalo nadhani ndilo lililomkosesha usingizi. Mama yake alitumia dawa za presha, akajisikia vizuri, akaziacha, akapata kiharusi. Ni dawa zilimletea?

Hapana, dada yangu. Alijisikia vizuri kwa sababu presha haiumi. Ndiyo maana inaua watu wazima wazima, wanaotembea.

Dakika saba zimepita. Nimechelewa maabara, na sijutii hata moja.

Saa 8 mchana

Chakula nimekila nusu. Maabara wamepiga: damu ya kitanda namba 9 imeharibika, chembe zimepasuka, tutume nyingine. Naandika kwenye kiganja. Natuma nyingine saa 11 jioni, baada ya kupokea wagonjwa wapya watatu.

Saa 12 jioni

Wenzangu wa mchana wanaondoka. Mimi zamu yangu inaendelea hadi asubuhi.

Saa 4 usiku

Kijana analetwa anatoka damu puani, kichwa kimelazwa nyuma, amemeza damu hadi anatapika. Waliomleta walitaka mema. Namwinamisha mbele, namwambia abane sehemu laini ya pua, si mfupa, apumue kwa mdomo, asiachie kuchungulia hadi dakika 15 ziishe. Inakoma.

Saa 5 kasorobo mgonjwa wa kitanda namba 14 anasimama moyo. Tunakandamiza kifua, kina cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, tunapokezana kila dakika mbili kwa sababu mikono ikichoka haifiki chini. Tunafanya hivyo kwa dakika 40. Harudi.

Binti yake yuko nje ya mlango. Namkalisha kwanza, nakaa naye, natumia neno lenyewe: amefariki. Nilifundishwa kutozunguka na nimeona kwa nini. Ukisema "ametutoka" mtu anauliza ameenda wapi. Ananyamaza muda mrefu, kisha ananiuliza, "Daktari, nilimchelewesha?"

Hilo nalo ni swali la afya. Namjibu ninachokijua: mama yako alikuwa na ugonjwa uliokwisha kuenea, ulimleta siku ile ile pumzi ilipobadilika, na usiku huu hakuwa peke yake. Sikumwongezea neno nisilo na uhakika nalo.

Kisha nanawa mikono na kuingia kwa mgonjwa mwingine. Hakuna dakika iliyopangwa kwa ajili ya hayo mengine.

Saa 9 usiku

Simu ya maabara. Kitanda namba 9: potasiamu 6.7, kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwenye damu, imepanda mara mbili tangu alipoingia. Potasiamu ya kawaida haizidi 5 na kidogo. Ikifika 6.7 moyo unaweza kusimama bila kubisha hodi.

Tunampima umeme wa moyo. Mawimbi yamechongoka kama mahema. Kalsiamu kwanza, kwa mshipa, polepole, ili kuukinga moyo. Kisha insulini pamoja na glukosi, ili potasiamu irudi ndani ya seli. Naandika haraka kwenye faili, nampa sista, nageukia mgonjwa.

Sista hatoki. Anasogeza faili chini ya taa.

"Daktari, hii ni insulini 100?"

Naangalia mwandiko wangu. Nimeandika 10U, na U nimeifunga juu. Inasomeka 100. Mara kumi ya dozi, kwa mzee ambaye figo zake hazitoi dawa mwilini ipasavyo. Sukari yake ingeshuka hadi asiamke. Kufupisha "uniti" namna hiyo kunajulikana kuwa hatari, na mimi najua. Nafuta kwa mstari mmoja, natia sahihi, naandika upya: uniti 10. Sista anasoma kwa sauti, mimi namjibu kwa sauti, ndipo anavuta dawa.

Nilikuwa macho kwa saa 22. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi ya macho na mikono kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kukizidi. Dereva tunamsimamisha. Daktari tunampa kalamu.

Mpango huu wa kuishi wodini una historia. William Halsted alijenga mfumo wa kufunza wapasuaji katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, iliyofunguliwa mwaka 1889, na wanafunzi wake waliishi hospitalini kweli kweli. Mwaka 1984 Libby Zion, msichana wa miaka 18, alifariki hospitalini New York mikononi mwa madaktari wa mafunzo waliokuwa na wagonjwa wengi na zamu ndefu. Baba yake hakunyamaza. Jimbo lile likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki mwaka 1989, na Marekani nzima ikafuata mwaka 2003. Ulaya kikomo ni wastani wa saa 48. Mwaka 2004 watafiti walilinganisha watarajali wa chumba cha wagonjwa mahututi: waliobaki kwenye zamu za saa 24 na zaidi walifanya makosa makubwa kwa asilimia 36 zaidi ya waliofupishiwa zamu. Elimu yao ilikuwa ile ile, ila waliofupishiwa zamu walikuwa wamelala zaidi.

Nimesikia mara nyingi kwamba zamu ndefu humkomaza daktari. Nimekomazwa na wagonjwa, na mabingwa walionisimamia, na sista kama huyu. Saa ya 22 haijanifundisha kitu ambacho ya 10 isingenifundisha.

Saa 10 na nusu usiku

Mawimbi ya moyo yameanza kulala. Nainua mto wa mzee ili nimkalishe vizuri, na chini yake kuna karatasi ya vidonge, ile ya fedha inayopasuka kwa kidole. Diclofenac, zile dawa za magoti. Vinane havipo.

"Mzee, hivi umemeza lini?"

"Asubuhi na jioni, kila siku. Nilikuuliza, mwanangu. Ukasema utarudi. Nikaona mmenyamaza, basi niendelee."

Namwambia ukweli: ni kweli uliniuliza, na sikurudi. Nisamehe. Ananishika mkono.

Figo hupokea damu kupitia mshipa mdogo unaoingia na mwingine unaotoka. Dawa za maumivu za kundi la diclofenac na ibuprofen hubana ule unaoingia. Dawa yake ya presha hulegeza ule unaotoka. Dawa ya kukojoza hupunguza maji yenyewe. Zikikutana tatu, msukumo ndani ya figo unaporomoka, potasiamu haitoki, chumvi na maji vinabaki mwilini. Ndiyo maana miguu haikunywea. Sisi tulikuwa tunaongeza dozi ya kukojoza asubuhi, na mzee anameza kinyume chake chini ya shuka, kwa nia njema kabisa, baada ya kuomba ruhusa.

Nasimamisha diclofenac, nasimamisha dawa ya presha kwa sasa, naandika mkojo upimwe kila saa. Nampigia daktari bingwa. Hapaazi sauti. Anasema, "Sasa waulize wote wana nini chini ya mito."

Wagonjwa watatu wengine wana vyao. Mmoja anakunywa dawa ya mafua yenye paracetamol juu ya paracetamol tunayompa sisi, na akijumlisha anapita gramu 4 kwa siku, ambazo ni mwisho kwa mtu mzima. Hakuna aliyekuwa ameuliza, na sisi hatukuwa tumewauliza.

Saa 1 asubuhi

Tunakabidhiana zamu. Kitanda namba 9 namsema wa kwanza: potasiamu sasa ni 5.4, mkojo umeanza kutoka, irudiwe saa 4, sukari ipimwe kila saa, dawa za magoti ziko kwenye kabati la sista. Mwenzangu anarudia yote kwa maneno yake, nami namsahihisha sehemu moja. Hapa sikubali haraka tena.

Naruhusiwa kwenda kulala. Simu ina ujumbe wa binamu: mtoto amekojoa mara mbili usiku na ameomba ziwa.

Napita kitanda namba 9 nikiwa na begi begani. Mzee yuko macho, ameegemea mito miwili.

"Nimerudi, mzee wangu. Tuongee kuhusu magoti."

Tunaongea paracetamol na kiwango chake, mazoezi ya misuli ya paja, fimbo ya kutembelea, na kwamba akinunua dawa yoyote ataje kwanza moyo na figo. Anasikiliza akitikisa kichwa. Kisha ananiangalia kidogo, kama mtu anayepima kama niko na nafasi.

"Na chumvi je, mwanangu? Hiyo nayo nilitaka kuuliza."

Naweka begi chini, navuta kiti.