Kuvua kwa nzi bandia Uskoti: ni mchezo au ni burudani?

Ukiishi Uskoti utawaona tu. Mtu amesimama mtoni, maji yamemfika mapajani, anapunga ufito mrefu mbele na nyuma, na samaki akipatikana anarudishwa majini. Kwetu sisi tuliokua tukijua uvuvi ni kazi, na samaki ni kitoweo au ada ya shule, swali linakuja lenyewe: huu ni mchezo wa mashindano kama riadha, au ni burudani ya kupumzisha akili?

Tazama nani anaamua. Mvuvi akijichagulia mto, saa, nzi (chambo bandia cha manyoya) na wakati wa kurudi nyumbani, hiyo ni burudani, hata awe fundi kiasi gani. Kanuni zikimpokonya maamuzi hayo, ameingia kwenye mchezo. Vifaa ni vilevile.

Mashindano ya dunia yapo tangu 1981, ya kwanza yakifanyika Luxembourg, chini ya shirikisho la kimataifa la uvuvi huu, FIPS-Mouche. Timu ina washindani watano, na kila mmoja huvua vipindi vitano vya saa tatu tatu. Kipande cha mto hupatikana kwa kura. Ukiangukia maji mafupi yanayopigwa jua, ndiyo hayo hayo. Ufito usizidi sentimita 366. Nzi wasizidi watatu, na ndoana isiwe na kile kijino kinachomzuia samaki kuchomoka. Chubwi (uzito wa kuzamisha) hairuhusiwi kwenye mshipi, wala chelezo (boya); uzito wote uwe kwenye nzi mwenyewe. Mwamuzi anapima urefu wa samaki, kisha samaki anaachiwa. Nafasi uliyoshika miongoni mwa wenzako wa kundi moja katika kila kipindi ndiyo alama yako, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Ndiyo maana washindani wazuri hawahangaiki na samaki mmoja mkubwa: kipindi kimoja kitupu kinaweza kuharibu kazi ya vinne vilivyobaki. Kuna hata mchezo wa kurusha mshipi kwenye shabaha nchi kavu, bila tone la maji wala samaki, wenye shirikisho lake la kimataifa. Anayesema hakuna michezo hapa hajautazama kwa karibu.

Lakini mgeni aanze na burudani, na aanze kwa kuelewa mshipi. Kwa mshipi wa kule Kilwa au Lamu, chubwi ndiyo inayokwenda mbali na kuvuta uzi nyuma yake. Hapa nzi ni manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoana, hana uzito wa kutosha kuvuta chochote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na una uzito uliopimwa. Mshipi namba 5, kwa mfano, futi 30 zake za mwanzo zina uzito wa gramu 9 hivi, na ufito wa namba 5 umeundwa upinde sawasawa kwa uzito huo. Ukichanganya namba, ufito hautapinda au utalegea, nawe utadhani tatizo ni mkono wako. Kwa mito midogo nunua ufito wa futi 9 namba 5. Kwa mashua ziwani, futi 10 namba 6 au 7 unafaa zaidi.

Jifunzie kwenye nyasi, ukifunga kipande cha sufi badala ya ndoana. Toa mita 9 za mshipi, unyooshe, ncha ya ufito iwe chini. Inua polepole ukiongeza kasi, kisha simamisha ghafla kidole gumba kikiwa usawa wa jicho. Subiri. Mshipi ukishanyooka nyuma, sukuma mbele, simamisha tena, halafu shusha. Kule kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Ukisikia mlio kama wa mjeledi, umewahi mno, na mtoni mlio huo ni nzi aliyekatika. Mshipi ukilala kwenye nyasi nyuma yako, kifundo cha mkono kimepinda na ufito umekwenda mbali mno. Uzi wa mbele, ule mwembamba unaounganisha mshipi na nzi, ukijifunga mafundo, watu husingizia upepo. Mara nyingi umetumia nguvu zote kwa mkupuo mwanzoni, na mshipi ukakatiza njia yake wenyewe. Upepo wa kweli ukitoka upande wa mkono unaorushia, ndoana hupita karibu na uso. Rushia juu ya bega la pili, na miwani usiivue.

Uzi wa mbele uwe wa futi 9, unaopungua unene hadi milimita 0.15 kwa trauti (samaki wa maji baridi) wa kawaida. Kila fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, kwa sababu msuguano mkavu hutoa joto, na joto hudhoofisha nailoni.

Trauti hawa si wageni kwa Mkenya. Mwaka 1905 trauti wa kahawia kutoka ziwa la Loch Leven, hapa hapa Uskoti, walipelekwa Mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Loch Leven yenyewe ni uwanja wa mashindano tangu karne ya 19: mashua inaachwa isukumwe na upepo ikiwa ubavu, wavuvi wawili ndani, wakirusha mbele yake.

Sheria zisikuponze. England na Wales, kuanzia miaka 13 lazima uwe na leseni ya ufito. Uskoti hakuna leseni ya jumla hiyo, ila unahitaji kibali cha mwenye haki ya maji, na vilabu vya mitaa ndivyo huuza vya bei nafuu. Trauti wa kahawia wana mapumziko kuanzia 7 Oktoba hadi 14 Machi. Samoni havuliwi kwa ufito Jumapili, na aliyevuliwa kwa ufito haruhusiwi kuuzwa. Usimwahidi mtu biashara.

Kumrudisha samaki pia ni ufundi, na hapa ndipo wanaoanza hufanya madhara. Bana kijino cha ndoana kwa koleo kabla ya kuvua. Lowanisha mikono, maana mikono mikavu huondoa utelezi unaomkinga na maradhi. Maji yakizidi nyuzi joto 20 za Selsiasi hewa yake hupungua. Waache trauti siku hiyo. Mwache samaki ndani ya wavu, majini, unapochomoa ndoana, halafu mshike kwa wepesi kichwa kikielekea mkondo unakotoka. Usimsukume mbele na nyuma. Mkia ukianza kupiga na akajivuta mwenyewe kutoka mkononi, hapo yuko tayari. Kabla ya hapo endelea kumshika.