Ninavyokadiria umri wa vikasha vya zamani vya PEZ

PEZ ni peremende ndogo, na kikasha chake chembamba cha plastiki huzitoa moja moja, mara nyingi kikiwa na kichwa cha mhusika juu. Kikasha cha PEZ kikinifikia mkononi, kichwa hukiangalia mwisho. Vichwa huchomoka na kubadilishwa, kwa hiyo umri nausoma kwenye mwili.

Kwanza natazama miguu, yaani kitako kinachotokeza chini ili kikasha kisimame. Vikasha vya mwanzo vya Vienna, vya mwaka 1949, vilifanana na kiberiti cha gesi, bila kichwa wala miguu. Vichwa vya wahusika vilianza Marekani miaka ya 1950. Miguu iliongezwa 1987.

Kisha natafuta namba ya hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya Marekani ubavuni. Ikiwa imefifia, namulika tochi kutoka pembeni, au naweka karatasi nyembamba juu yake na kupitisha penseli laini, tarakimu zinatokeza. 2,620,061 ilitolewa 1952; 3,410,455 ni ya 1968; 3,845,882 ni ya 1974; 3,942,683 ni ya 1976; 4,966,305 ni ya 1990. Wengi hukosea hapa: mwaka huo ni wa hataza, si wa kikasha. 3,942,683 ilidumu miaka mingi, ndiyo maana unaikuta kwenye vyenye miguu na visivyo na miguu. Namba inakwambia tu kwamba kikasha hakijatangulia mwaka huo.

Jina la nchi kilikotengenezwa husaidia kubana upande wa pili. Kilichoandikwa Slovenia ni cha baada ya 1991, nchi hiyo ilipojitenga na Yugoslavia. Kwa hiyo chenye 3,942,683, kisicho na miguu, kilichoandikwa Yugoslavia, nakiweka kati ya 1976 na mwishoni mwa miaka ya 1980.

Udanganyifu ninaoukuta zaidi ni miguu iliyokatwa ili kikasha kionekane cha zamani na bei ipande. Nageuza chini na kupitisha ukucha kwenye ukingo. Wa kiwandani ni laini na umenyooka. Uliokatwa una mikwaruzo ya kisu au msasa, na mara nyingi rangi imepauka kidogo pale. Nikiwa na shaka, nakisimamisha kando ya kingine kisicho na miguu ninachokiamini na kulinganisha urefu.

Hapo ndipo narudi kwenye kichwa. Kikiwa kimepauka kwa jua upande mmoja na mwili haujapauka upande huohuo, havikukaa pamoja siku zote.

Vichwa vya mpira laini nahifadhi kimoja kimoja kwenye karatasi, kwa sababu mafuta ya mpira huo huyeyusha plastiki ngumu inayogusana nao na kuacha kovu lisilofutika.