Mwendo wa Pole

Mwanangu wa mwisho ndiye aliyeyachokoza haya. Ilikuwa tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tumekaa ukumbini na televisheni inaonyesha shughuli ya mnarani. Rais ameshaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi ameshaweka sime, na askari wanapita kwa mwendo wa pole. Mguu unanyanyuliwa, unabaki hewani, ndipo unashuka. Mtoto akaangalia, akaangalia, kisha akanigeukia.

"Baba, mbona wanakwenda hivi? Hawataki kufika?"

Nikamwambia hiyo ndiyo heshima yao. Akaridhika, akarudi kwenye mchezo wake. Mimi sikuridhika. Swali lile niliwahi kulisikia, si kwa maneno, siku ile tuliyompokea kijana wetu, askari aliyeuawa Kongo, Desemba 2017.

Mlioko nyumbani mnamjua ninayemsema. Jina lake siliandiki, kwa sababu mama yake hapendi kulikuta mitandaoni, na haki hiyo ni yake.

Habari za Semuliki zilitufikia Ijumaa. Kambi yao ya kulinda amani ilivamiwa Alhamisi tarehe 7, jioni, kule Kivu Kaskazini, mashariki ya Kongo, kwenye barabara ya Mbau kwenda Kamango, na mapigano yakaendelea usiku. Waliokufa katika wanajeshi wa Tanzania walitajwa kuwa 14, na majeruhi ni wengi. Waasi wa ADF, kundi lililotokea Uganda, ndio walioshukiwa tangu mwanzo. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Guterres, alisema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika miaka ya karibuni. Sisi tulilisikia hilo redioni tukiwa tumekaa kwenye majamvi, na hakuna aliyesema neno. Ukubwa wa shambulio hautupi wala hautunyimi kitu. Sisi tulikuwa na mtu wetu mmoja mle.

Aliwahi kutupigia simu kutoka Beni. Alikuwa akifurahi kwamba watu wa kule wanasema Kiswahili, kwamba anaweza kununua ndizi sokoni na kumwamkia mzee wa watu bila mkalimani. Aliona hilo ni jambo kubwa, na mimi nakubaliana naye. Watanzania walikwenda kule mwaka 2013 pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi, katika ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopewa ruhusa ya kupigana na si kulinda tu. Lakini yeye akituhadithia, habari za brigedi hazikuwemo. Zilikuwemo za mvua isiyokwisha, matope, na bibi mmoja aliyekuwa akimwita "mwanangu".

Kilichotuelemea zaidi ni kungoja. Kwetu mtu akifa alfajiri, alasiri yuko ardhini. Hatujui kufanya msiba usio na maiti. Watu walikuja na mkono wa pole wakakwama mlangoni, hawajui waseme nini, kwa sababu aliyekufa hayupo na kaburi halijachimbwa. Khitma ilisomwa ikakhitimishwa, ikaanzwa tena. Kahawa ilipikwa, ikapoa, ikapikwa nyengine. Na mama yake, kila asubuhi, alikuwa na swali moja tu: "Leo kalala wapi?"

Tukimjibu. Leo yuko Beni, mama. Leo kaletwa Dar es Salaam. Leo yuko hospitali ya jeshi. Leo anaagwa Upanga, Makao Makuu ya Jeshi, yeye na wenzake, Waziri Mkuu Majaliwa yupo. Hiyo ilikuwa Alhamisi, tarehe 14, wiki nzima tangu usiku ule. Tuliangalia kwenye simu, masanduku yamepangwa safu, kila moja na bendera yake, na hapakuwa na namna ya kujua lipi ni lake. Mama akaomba apewe simu. Akaishika, akaiangalia kwa muda mrefu, akairudisha.

Kaburi lilichimbwa na vijana wa rika lake. Mnaijua ardhi yetu ya kusini, ni mawe matupu, udongo ni kiganja kimoja juu kisha unagonga mwamba. Walianza baada ya sala ya alfajiri kwa mitaimbo, wakipokezana, na mwanandani ulipokamilika viganja vyao vilikuwa vimechubuka. Jeshi lilikuwa tayari kutuletea watu wa kuchimba. Vijana wakakataa. Sheha alipowauliza kwa nini, mmoja wao akajibu kwamba mwenzao asingekubali kuchimbiwa na watu asiowajua. Sheha hakuuliza tena.

Maduka yalifungwa bila mtu kupita kutangaza. Ngalawa hazikutoka. Kutoka njia panda mpaka msikitini watu walisimama pande zote mbili za barabara, na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo watoto wote walikuwepo, wamesimama kimya kuliko nilivyowahi kuwaona. Gari la jeshi likapita katikati yao. Sanduku lilikuwa limefunikwa bendera ya Taifa, na juu ya bendera ilikuwepo kofia yake ya buluu ya Umoja wa Mataifa.

Akasaliwa. Halafu ndipo likaja hili ninalotaka kulieleza.

Askari walilinyanyua sanduku wakalitia mabegani, wakatoka nalo uani kwa mwendo wa pole. Kutoka msikitini mpaka makaburini kwetu si mbali. Maiti wetu huvuka njia ile kabla hujamaliza kufikiri, kwa sababu Mtume ametuamrisha kuliharakisha jeneza, na kwa sababu kila mwanamume anataka naye alipate. Unakimbilia mbele, unatia bega, unakwenda hatua chache, wa mbele yako anakupisha, wa nyuma yako anakusukuma, unatoka pembeni, unazunguka tena. Hivyo ndivyo nilivyombeba babu yangu, na ndivyo nilivyowabeba watu ambao wakati wa uhai wao hata hatukuwa tukisalimiana vizuri.

Siku ile tulikuwa nyuma, mikono mitupu, tunaangalia viatu vyeusi vikinyanyuka na kukaa hewani. Sauti za "La ilaha illa Llah" zilianza kama kawaida, na zikawa zinaishinda ile miguu. Sauti inakimbia, miguu inasubiri. Waliokuwa nyuma wakaanza kuwasukuma wa mbele, si kwa ubaya, ni mwili tu unajua pale panatakiwa kwenda kwa kasi. Jua lilikuwa utosini. Niliona jasho likishuka kwenye shingo ya askari aliyebeba pembe ya kushoto, likaingia kwenye kola, na hakutikisika. Alikuwa mdogo, labda rika moja na tuliyekwenda kumzika. Midomo yake ilikuwa ikienda. Naye alikuwa akileta "La ilaha illa Llah", polepole, kwa mwendo wa miguu yake.

Tulipofika kwenye ule mkwaju, Maalim akatoka katika safu. Mnamjua Maalim, hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akaenda ubavuni mwa ofisa aliyekuwa akiongoza, akatembea naye hatua kadhaa, kisha akamwambia:

"Afande, tupeni na sisi."

Ofisa hakugeuza shingo. "Maalim, hii ni heshima yake ya mwisho."

"Najua, mwanangu. Nanyi mmeitimiza, Mungu awalipe. Na sisi tunayo yetu, na tumeingoja wiki."

Nilikuwa karibu, niliyasikia. Nilidhani atakataa, na kusema kweli nisingemlaumu, kwa sababu mtu yule alikuwa na amri na alikuwa na utaratibu wake, na utaratibu ule ndio uliomtoa kijana wetu katika msitu wa Kongo ukamleta mpaka chini ya mkwaju wetu. Watu wakanyamaza. Ofisa akapiga hatua nyengine, na nyengine, kisha akatoa amri ya kusimama.

Askari wawili wakaja mbele. Wakaiondoa kofia ya buluu. Wakaikunja bendera, upande kwa upande, wakiinyoosha kwa viganja kila mkunjo mpaka ikawa ndogo. Hawakuharakishwa na mtu. Ofisa akavua kofia yake, akamwangalia Maalim, akasema, "Karibuni."

Sikumbuki nilifikaje pale mbele. Nakumbuka uzito. Jeneza letu la msikiti ni jepesi, lile sanduku lilikuwa na mbao nene na vishikio vya chuma, na ukingo wake ukaniingia begani. Nakumbuka tulivyoondoka kwa kasi, kama ndege aliyefunguliwa mlango, na sauti na miguu vikaja pamoja. Baba yake alitia bega. Wale vijana wa mitaimbo wakatia. Na nilipopisha na kutoka pembeni ili nizunguke tena, nikamuona yule askari wa pembe ya kushoto amevunja safu, anakimbia na sisi kwa buti zake, anaitafuta nafasi. Mtu akampisha. Nyuma yake alikuwa ofisa mwenyewe.

Mengine yalikwenda upesi. Alitolewa ndani ya sanduku akiwa katika sanda yake, akateremshwa, akalazwa ubavu wa kuume. Mawe, udongo, maji, talkini. Kisha askari wakajipanga upya, wakapiga risasi za heshima hewani, kunguru wote wa kijiji wakaruka na watoto wadogo wakalia. Tarumbeta ikapigwa. Baba yake akakabidhiwa bendera, akaipokea kwa mikono miwili.

Jioni nilikwenda kwa shangazi yangu. Wanawake wa kwetu hawafuati jeneza, wao walibaki nyumbani kwa marehemu, na kilichowafikia ni sauti tu. Alikuwa amekaa kibarazani anatwanga tambuu yake. Nikamwamkia, akaitika, akanikaribisha nikae.

"Ulimbeba?"

"Nilimbeba, shangazi."

"Bega gani?"

Nikamwonyesha. Akanyoosha mkono akaliweka kiganja pale, palipokuwa bado panauma, akakaa nalo hivyo kidogo.

"Kaka yangu sijui alibebwa na nani," akasema.

Baba yangu mdogo alikwenda vita vya Kagera. Majeshi ya Amin yaliingia Oktoba 1978, yeye akaondoka na wenzake, na Kampala ilipoanguka Aprili 1979 alikuwa ameshakufa. Amelala Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita vile. Nyumbani tulipata taarifa tu. Tangu nikiwa mtoto nimekuwa nikisikia akiombewa dua kila khitma ya familia, na nilidhani hilo lilitosha, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulalamika. Shangazi alikuwa msichana wakati ule. Kumbe miaka yote ile alikuwa akijiuliza ni mabega ya nani.

Sisemi kwamba hakuheshimiwa. Amezikwa na wenzake, makaburi yanatunzwa, Rais Kikwete mwenyewe alikwenda Kaboya kwenye Siku ya Mashujaa ya 2013, siku chache baada ya taifa kuwaaga wanajeshi wetu saba waliouawa Darfur. Nchi imemfanyia mwendo wake wa pole, na imeendelea kumfanyia kila mwaka. Lakini hakuna hata mmoja wa kwetu aliyemkimbiza. Nikiwaza hivi huwa najiambia kwamba pengine alibebwa na rafiki zake, na kwamba vitani rafiki ni ndugu zaidi ya sisi. Pengine. Yule askari aliyevunja safu ananifanya niamini hivyo siku fulani. Siku nyengine namuona shangazi na kiganja chake begani mwangu, na siamini.

Basi baada ya swali la mtoto nimeanza kuulizia safari ya kumpeleka shangazi Kaboya. Boti mpaka Dar es Salaam, kisha basi la Bukoba, na Muleba unaifikia kabla ya Bukoba. Ni njia ndefu kwa mtu wa umri wake. Binamu zangu wamegawanyika. Mmoja anasema tumwache mama apumzike, kaburi lile ameshalizoea kwa kutolijua. Mwengine ameshaanza kuweka nauli.

Mwenyewe hajakubali wala hajakataa. Juzi aliniuliza kama kule Kaboya wanawake wanaruhusiwa kuingia. Nikamwambia pale ni makaburi ya taifa, anaingia yeyote. Akafikiri. Akasema kwanza avune mwani wake ulioko baharini, maana akiuacha utachukuliwa na maji, halafu tutazungumza.